Tyubu Isiyo na Jina

Asubuhi ile kulikuwa na tyubu moja ya damu kwenye raki, na hakuna aliyeiweka.

Mwalimu aliiona kabla hajavua koti la mvua. Maabara ya mafunzo ilikuwa imefungwa tangu jana, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na jioni iliyotangulia alikuwa amehakikisha mwenyewe kwamba raki zote zimeoshwa na ni tupu. Aliinyanyua. Ilikuwa na kifuniko cha zambarau, kama zile walizotumia wanafunzi, na haikuwa na lebo. Alipoiweka kiganjani ndipo alipositasita. Damu ilikuwa na joto, kama imetoka mshipani dakika ile.

Katika kazi yake kulikuwa na sheria isiyohitaji kufikiriwa: sampuli isiyo na jina haipokelewi. Haijalishi imeletwa na nani wala inatokea wodi gani. Aliimwaga kwenye ndoo ya maji ya klorini, akanawa mikono, akafungua madirisha. Harufu ya klorini ilipotoka ilibaki nyingine, ndogo, ya sabuni ya ndimu. Chuo hakikuwa na sabuni ya ndimu.

Mkewe ndiye aliyenawa kwa sabuni hiyo. Alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza, na sasa mvua zilikuwa zikielekea kwisha. Kwa miaka mingi wawili hao waligawana chumba kile: mume akifundisha hadubini, mke akifundisha kutoa damu. Wanafunzi walimwita mke Mama Mshipa, kwa sababu aliupata mshipa hata kwa mgonjwa aliyekauka kama ukuni. Mume walimwita Mwalimu tu. Aliyempa jina la utani ni mkewe, aliyemwita Bwana Vipimo, kwa kuwa hata chumvi ya mchuzi aliionja mara mbili kabla ya kutoa majibu.

Chuo hakikupata mtu wa kushika nafasi ya marehemu, kwa hiyo Mwalimu alifundisha masomo yote mawili. Binti yao alikuwa mwaka wa pili na alikaa mbele, pale mama yake alipopenda kuegemea meza.

"Leo hatumchomi mtu," Mwalimu aliliambia darasa. "Leo tunauliza jina. Dokta Bado, njoo."

Dokta Bado alikuwa kijana mrefu aliyepata jina hilo kwa sababu kila akiulizwa kama amemaliza kazi hujibu "bado". Alisimama mbele ya binti wa Mwalimu, ambaye aliigiza mgonjwa, kichwa kimelala begani.

"Samahani," akasema Dokta Bado, "wewe ndiye Bibi Harusi wa wodi ya tatu?"

"Ndiyo," akajibu binti kwa sauti ya mtu anayekata roho.

Darasa likacheka.

"Umeshamuua," akasema Mwalimu. "Sababu?"

"Sababu bado, Mwalimu."

"Umemtia jina mdomoni," binti akasema, macho yamefumbwa. "Mama alisema mgonjwa aliyechoka hukubali jina lolote. Usimwambie wewe ni fulani. Mwulize jina lake nani, kisha nyamaza, akutajie."

Kicheko kilikoma pale aliposema mama. Mwalimu aligeukia dirishani. "Rudia," akamwambia Dokta Bado. "Vizuri safari hii."

Kesho yake tyubu ilikuwepo tena, na kesho kutwa. Aliimwaga kila mara, na kila mara harufu ya sabuni ilikawia zaidi kuondoka. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba amefiwa na anasikia harufu ya marehemu? Hilo huwapata wafiwa wote, na watu hukushika bega, wakakuambia ulale.

Siku moja, wanafunzi walipokwenda kula mchana, alikosa nguvu ya kuimwaga. Alichukua tone moja, akalisambaza juu ya slaidi, akalikausha, akalipaka rangi, akaketi kwenye hadubini.

Chembe nyekundu za damu za watu wengi ni za mviringo kama sahani. Hizi zilikuwa ndefu, kama mbegu za tikiti. Alisogeza slaidi kushoto, akaisogeza kulia. Zote zilikuwa hivyo. Ni hali adimu isiyomdhuru mwenye nayo, na katika maisha yake ya kazi alikuwa ameiona kwa mtu mmoja. Alifungua kisanduku cha slaidi za kufundishia, akatoa ile iliyokuwa na jina la mkewe pembeni, alilojiandikia mwenyewe kwa penseli. Walipokuwa wachanga katika ndoa, mke alijichoma kidole ili wanafunzi wapate cha kutazama. Mwalimu aliziweka slaidi mbili sambamba. Mbegu za tikiti huku, mbegu za tikiti kule.

"Bwana Vipimo, umekula?"

Sauti ilitoka stoo ya dawa, nyuma ya mlango wa kioo cha ukungu. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyeinama anatafuta kitu kwenye rafu ya chini.

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Akamwita mkewe kwa jina lake, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishi. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Tangu hapo hakutoka mchana. Wanafunzi walipoondoka na vicheko vyao kufifia ngazini, yeye alifunga mlango, akavuta kiti karibu na kioo cha ukungu, akangoja, na baada ya jua kusimama juu ya paa na bati kuanza kulia kwa joto, harufu ya ndimu ilipenya chini ya mlango, na nyuma yake harufu nyingine ambayo mwanzoni hakutaka kuijali, ya chuma kilicholowa, na kivuli kisicho na urefu maalumu kikajikusanya upande wa pili wa kioo, na ile sauti ikamuuliza kama amekula.

"Niandike," ilisema siku moja. "Nasikia baridi. Asiye na jina hana pa kukaa."

"Nikuandike wapi?"

"Kwenye damu yangu. Unayo hapo."

Hakuwa akizimwaga tena. Alizificha kwenye friji, nyuma ya chupa za rangi, na hata huko hazikupoa. Alitoa moja, akabandika lebo tupu, akashika penseli. Mkono wake ulikuwa umeitii sheria miaka mingi kuliko moyo ulivyowahi kuitii. Haukuandika.

"Kesho," akasema.

"Kesho," ikaitikia sauti, kwa upole, kama mtu mwenye muda.

Nyumbani binti yake alianza kupauka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na alipopanda ngazi alisimama katikati akijifanya anafunga kiatu. "Ni mitihani, baba," alisema. Mwalimu alikubali jibu hilo. Yeye naye alikuwa na lake moyoni, na mwenye siri hapendi kuchokonoa za mwenzake.

Binti alianguka darasani. Ilikuwa zamu yake kutolewa damu; Dokta Bado alimpandisha mkono wa koti ili amfunge mpira wa kukaza mshipa, kisha akaacha. Ndani ya kiwiko kulikuwa na alama za sindano, mpya juu ya za zamani, zimepangana nadhifu kama kazi ya fundi. Binti alizitazama kama anaona mkono wa mtu mwingine, akateleza kitini.

"Nani amekutoa damu?" Mwalimu alimuuliza alipozinduka, amelazwa sakafuni, miguu juu ya begi.

"Hakuna mtu, baba. Naamka nazo." Akapunguza sauti. "Na chumba kinanukia mama. Sikutaka kukuumiza."

Walimpima pale pale. Damu yake ilikuwa imepungua karibu nusu. Dokta Bado alitengeneza slaidi, akaitazama muda mrefu.

"Umemaliza?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Nimemaliza," akasema, na hakuna aliyecheka. "Mwalimu, njoo uone. Chembe zake ni ndefu. Kama zile za Mama Mshipa."

Mwalimu hakuwa na haja ya kwenda kuona. Hali ile hurithiwa. Mzazi humpa mtoto. Alilifundisha hilo kila mwaka, kwenye ubao ule ule. Hakuwahi kumpima binti yake kwa sababu mkewe alikataa: mtoto si kielelezo, alisema, akitaka atajipima mwenyewe. Damu iliyokuwa kwenye friji, yenye joto, aliyoilinda kama mboni ya jicho, haikuwa ya marehemu.

Jioni ile alimpeleka binti hospitali, na dada mkubwa wa mkewe akaja kumwuguza. Mama huyo aliwasomea watu waliosumbuliwa na majini, na watu walitoka mbali kumfuata. Asubuhi, baada ya kuziona alama za sindano, aliomba aone hiyo maabara. Alifika kizingitini akasimama.

"Shemeji, humu kuna mtu."

"Nilidhani ni mdogo wako," akasema Mwalimu.

"Mdogo wangu nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa baridi na alikuwa ametulia. Huyu hajatulia."

"Ananiita kwa jina alilonipa yeye."

"Na nani hakulisikia jina hilo? Kuta hizi zimelisikia miaka yote." Alijifunika pua kwa upande wa mtandio. "Jini wa namna hii hana jina. Huvaa analopewa. Ulimwambia nini siku ya kwanza?"

Mwalimu alimweleza yote, tangu tyubu ya kwanza. Shemeji yake alifumba macho.

"Basi hakuingia dirishani; ile damu ya mwanzo ilikuwa hodi tu. Ulimfungulia kwa ulimi wako. Mimi naweza kusoma humu mpaka koo likauke, lakini aliyemkaribisha ndiye amtoe. Ukimwandika tu, mtoto ni wake."

"Nimwambie nini?"

"Kazi yenu siijui, shemeji. Ninyi mtu msiyemjua mnampokeaje?"

Mwalimu alimtazama. Kisha akaingia ndani peke yake, akafunga mlango.

Alizitoa tyubu zote, akazipanga mezani kando ya ndoo ya klorini, akavaa glavu, akangoja mchana kama alivyozoea kuungoja, ila safari hii aliogopa kila dakika iliyosogea, na bati lilipoanza kulia juu na harufu ya ndimu ilipopita chini ya mlango alijikuta, pamoja na yote aliyoyajua, akinyoosha shingo kuivuta, kwa sababu ilikuwa harufu ya mkewe hasa, ya mikono yake hasa, na hapakuwa na mahali pengine duniani palipobaki nayo.

"Bwana Vipimo, umekula?"

"Jina lako nani?" akauliza Mwalimu.

Kivuli kikatulia nyuma ya kioo. "Jamani. Si unanijua?"

"Jina lako nani?"

"Nitajie wewe. Ulikuwa ukinitajia vizuri."

Mwalimu alinyamaza. Ndivyo mkewe alivyofundisha: uliza, kisha nyamaza. Nyuma ya kioo kitu kilianza kuhangaika, kikijaribu silabi kama mtoto anayejifunza kusoma, mara kwa sauti ya Dokta Bado, mara kwa sauti ya shemeji, mara kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe, na kila silabi ilivunjika kabla haijawa neno, na kitasa cha mlango kikazunguka taratibu, kikarudi, kikazunguka tena, na harufu ya chuma kilicholowa ikajaa chumba mpaka ikaufunika ulimi wake, kisha vyote vikaachwa ghafla na kikaja kilio.

Kilikuwa kilio kidogo. Mwalimu alikuwa amekisikia mara moja tu, siku mkewe alipojisomea mwenyewe majibu yake ya maabara, kabla daktari hajayaona.

Akachukua tyubu ya kwanza mezani.

"Sampuli haina jina," akasema. Akaisogeza juu ya ndoo. "Haipokelewi."

Akaifungua, akaimwaga, kisha nyingine na nyingine, na kwa kila moja kilio kilisogea mbali, kama mtu anayeondoka akilia njiani, anageuka nyuma, hakuna anayemwita. Ya mwisho ilipokwisha chumba kilinuka klorini tu. Mlango wa stoo ulifunguka kidogo. Ndani mlikuwa na chupa na ufagio.

Alama mkononi mwa binti zilipona. Rangi ilimrudia polepole, kwa dawa na kwa kula, na aliporudi chuoni Dokta Bado alimtangazia darasa zima kwamba Bibi Harusi wa wodi ya tatu amefufuka.

Somo la chembe za damu lilipofika, Mwalimu alifungua kisanduku cha slaidi. Jina la mkewe lilikuwepo pembeni, kwa penseli, herufi zake za kuinama. Damu haikuwepo, kama nayo iliondoka na kile kilio. Kioo kilikuwa cheupe, kama kilichotoka dukani. Aliitia chini ya hadubini hata hivyo, akatafuta kushoto na kulia, mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana.

Binti yake alinyanyuka benchini, akaja, akaweka kidole mezani mbele yake.

"Chukua yangu, baba. Nimetaka mwenyewe."

Mwalimu alikifuta kidole kile kwa spiriti. Akachukua slaidi mpya na penseli.

"Jina lako nani?"

Binti alitabasamu. "Baba, si unanijua?"

Penseli ikasimama.

"Jina lako nani?" Mwalimu akauliza tena.

Binti akalitaja jina lake lote, taratibu, kama mama yake alivyotaka litajwe. Mwalimu akaliandika. Kisha akangoja kidogo, kichwa kimeelekea mlango wa stoo, kama mtu anayempa wa pili nafasi ya kujibu.

Hakuna aliyejibu. Akamchoma.