Kuanzia Raundi ya Nne

"Huu ukuta si wako peke yako," alisema Fundi, mkasi bado mkononi. "Unapiga huko, pini zinaanguka huku. Tangu asubuhi cherehani yangu inatetemeka kama ina homa."

"Mama, hilo ni gunia, na gunia linapigwa," sauti ikajibu kutoka ndani ya klabu ya ngumi. "Ungepanga karibu na maktaba."

"Mama yako nani? Toka nje uniambie hayo usoni."

Saluni iliyokuwa chumba cha tatu kwenye baraza ile ya ghorofani ilinyamaza ghafla. Mashine za kukaushia nywele zilizimwa, maana umbea hausikiki vizuri penye kelele. Mama Saluni aliwahi mlangoni na chanuo mdomoni, nyuma yake wateja watatu wenye vibanio vichwani, mmoja povu likimchuruzika sikioni. Kule chini mtaa ulijaa honi na wauza nguo, lakini hakuna aliyetazama chini.

Mlango wa klabu ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu mwenye suruali ya mazoezi ya kijivu, taulo shingoni, mvi zimeanza kumchungulia pembeni mwa masikio. Alikuwa na neno lake tayari. Alipomwona Fundi akasimama kizingitini.

Fundi naye akashusha mkasi. Siku hiyo alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, lililomkaa kama alizaliwa nalo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Sindano," mwanamume akasema taratibu.

Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita hivyo. "Hapa naitwa Fundi."

"Hujambo lakini?"

"Nilikuwa sijambo mpaka sasa hivi."

"Mdomo bado unao."

"Na wewe ngumi unazo. Haya ndiyo huna. Ungekuwa nayo usingesimama mbele yangu ukaniuliza hali."

"Mimi sina haya? Nilikuuliza swali moja tu la maana maishani, hukunijibu hadi leo. Ukazima simu, ukahama mtaa. Nani hana haya hapo?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Sikukujibu?"

"Hukunijibu."

"Mwongo mkubwa," akasema, akaingia ndani, akabamiza mlango.

Mama Saluni akatoa chanuo mdomoni. "Swali gani?" akawauliza wateja wake. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoka bila kujua.

Swali lenyewe lilikuwa la ndoa.

Enzi hizo mwanamume yule alikuwa bondia wa uzito mwepesi, na mashabiki walimwita Pazia kwa jinsi alivyojifunika uso kwa glavu zote mbili. Alifika kibandani kwa Fundi na bukta iliyokatika mpira. Wiki iliyofuata akarudi, imekatika tena.

"Hii umeikata kwa wembe," Fundi akamwambia.

"Kiuno kimeongezeka."

"Kiuno chako nakijua mimi. Kimepungua inchi moja."

"Pima tena uhakikishe."

Akapima tena. Mwaka mzima ukapita hivyo, mmoja akijifanya ana kiuno kisichotulia, mwingine akijifanya anaamini. Zilikuwa siku za simu za vitufe na za kubipu. Pazia akibipu mara mbili, amefika nyumbani salama. Akibipu mara tatu, anamuwaza. Fundi alilala na simu chini ya mto, na asubuhi alishona huku akicheka peke yake, wateja wakidhani anawacheka wao.

Likaja pambano kubwa, na Pazia alikuwa amezidi uzito kilo nne. Akamwomba Fundi amshonee suti ya nailoni isiyopitisha hewa, na Fundi akashona, akafunga vizuri mikononi na miguuni ili jasho litoke sana. Siku mbili Pazia hakuonja maji. Alikimbia ndani ya suti ile, akatafuna ubani na kutema mate koponi, midomo ikapasuka, mashavu yakabonyea. Fundi alilowesha leso amguse midomo, naye akageuza uso.

"Ikizidi gramu moja tu, laazizi, wananifungia nje."

Akapima uzito, akapita, akanywa maji kama ng'ombe. Kabla ya pambano, kesho yake, akamuuliza lile swali. Fundi akamwambia, "Kapigane kwanza, nikujibu ukirudi."

Alishinda kwa pointi, akiwa amesimama, baada ya raundi kumi za kupigwa kichwani na kupiga. Chumbani alipobadilishia nguo, Fundi akampa jibu lake, wakakubaliana kesho yake, Jumapili, aje na mjomba wake. Jumapili ikafika. Shangazi wa Fundi na ndugu zake walikaa na nguo zao nzuri tangu saa nne asubuhi hadi jua likazama. Mgeni hakuonekana. Kwa aibu ile Fundi alitupa laini ya simu, akafunga kibanda, akaenda kuanza maisha mtaa mwingine.

Sasa Fundi amerudi, amepanga chumba, na anayempigia ukuta ni Pazia yule yule.

Alikwenda siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba kumwambia kwamba Jumamosi anahama.

Alhamisi, saa tisa alasiri, alikuwa akimalizia pindo la mwisho. Upande wa pili gunia lilinyamaza, akasikia sauti ya bondia wa kike aliyekuwa akifanya mazoezi na mwenzake.

"Kocha, niko sawa. Nimeyumba kidogo tu."

"Umekunywa maji leo?"

"Kesho napima uzito."

"Kwa hiyo hujanywa tangu jana, na umepigwa kichwani. Vua glavu."

"Lakini sikuanguka, Kocha."

"Hata mimi sikuanguka." Kocha huyo alikuwa Pazia. "Kaa hapo. Mwili ukikauka, kichwa kinakuwa kama yai lililopungukiwa ute. Ngumi ile ile inafika mbali zaidi. Nami nilidhani nikishanywa yale maji ya baada ya mizani mambo yamekwisha. Nilishinda, nikainuliwa mkono, nikapiga picha nacheka. Picha ninazo. Ila kuanzia raundi ya nne mpaka nilipoamka kesho yake mchana, sina kitu. Ni kama nguo iliyokatwa katikati ikaunganishwa. Mshono nauona, kitambaa kilichokatwa sikipati."

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya pedali.

Raundi ya nne. Na yeye alizungumza naye baada ya ya kumi.

Alitoka vile vile na utepe shingoni. Saluni ikazima mashine zake.

"Nini tena, ukuta?" Pazia akauliza.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hukumbuki?"

"Ningemwambia nani? Nilikupigia wiki tatu, simu imezimwa. Na mwenyewe nilichelewa kujua. Watu walinisimulia pambano langu, nikawa nasikiliza kama la mtu mwingine. Nikaona aibu. Bondia anayesahau hapewi pambano."

"Nilikujibu."

"Lini?"

"Ulikuwa umekaa kwenye benchi, mikono ndani ya beseni la barafu. Nikakuinamia sikioni nikakwambia ndiyo."

Pazia alikaa taratibu kwenye kizingiti, kama mtu mzee. "Nikasemaje?"

"Ulicheka. Ukasema Jumapili unakuja na mjomba, shangazi asiwe mkali. Halafu ukaniuliza tena nimesemaje. Nikakwambia tena. Mara tatu uliniuliza, nikadhani unadeka."

"Mara tatu."

"Na mara zote ulifurahi upya."

Alijifunika uso kwa taulo. Fundi akaketi kando yake, gauni likigusa vumbi, asijali.

"Suti ile niliishona mimi," akasema. "Nilikuona unavyokauka."

"Niliiagiza mimi. Tulikuwa wajinga wa aina moja, Sindano. Tulidhani kiu ni ushujaa." Akashusha taulo. "Lakini nisikufiche. Kichwa hiki si kile cha zamani. Mwanga mkali unaniumiza. Siku nyingine naingia chumbani nisijue nimefuata nini. Usiniambie leo jambo utakalolijutia kesho."

"Sijasema kitu. Wewe ndiye wa kuuliza."

Akauliza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba saluni nzima ilisogea hatua moja.

"Jibu langu halijabadilika," Fundi akasema. "Ila shangazi aliapa hukanyagi kwake."

"Basi Jumapili..."

"Neno Jumapili sitaki kulisikia. Twende leo."

"Mjomba ameshafariki, mpenzi. Niende na nani?"

"Kwani mjomba lazima awe na ndevu?" akauliza Mama Saluni, akifungua aproni.

Fundi akapiga simu wakishuka ngazi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nakuja na wageni."

"Wangapi?"

Fundi akageuka nyuma. Mama Saluni, wateja watatu, bondia wa kike na chupa ya maji mkononi. "Wanaongezeka, shangazi. Mmoja ni Pazia."

"Mlete nimtazame," shangazi akasema, akakata.

Aliwapokea akiwa ameziba mlango kwa mwili wake wote, miwani puani, mwiko mkononi. Ndani kulinukia vitunguu vya kukaanga.

"Wewe ndiye tuliyekungoja siku nzima?"

"Mimi, shangazi. Shikamoo."

Hakuitikia. "Ulikuwa wapi?"

"Sijui. Naambiwa nililala. Nilipigwa kichwani, nikapoteza siku ile, na jibu la mwanao likapotea nayo. Sina ushahidi. Nina hayo tu."

"Na huyu?"

"Mimi ni mjomba kwa leo," akasema Mama Saluni.

Shangazi alimkagua mjomba huyo kuanzia viatu hadi wigi, akarudi kwa Pazia, akamtazama kwa muda mrefu. "Na ukisahau tena? Uamke siku moja hukumbuki huyu alikwambia nini?"

Pazia hakuwa na ahadi ya kutoa hapo, naye alilijua hilo kuliko wote.

"Nitamwambia tena, shangazi," akasema Fundi. "Hata mara tatu kwa siku. Nilishazoea."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, ingawa haikuwa na vumbi. Alipoivaa tena macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na ukali wote ameuhamishia kwenye mwiko.

"Marahaba," akamwitikia Pazia. Kisha akajibanza kando ya mlango. "Sasa mnanijazia watu barazani majirani waseme nini? Vueni viatu, nyote, hata ninyi wenye vibanio. Ingieni mle chakula."