Aliyeita Nyuma ya Jiko

Harufu ya siki ndiyo iliyotangulia. Wilkista alikuwa jikoni akichambua maharagwe, mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati kama ilivyo desturi yake huku kijijini Kwanza, akainusa na kushangaa, maana siki haikuwahi kuingia katika nyumba ile. Akanusa sufuria. Akanusa leso aliyojifunga. Kisha akaitambua. Hiyo ndiyo harufu iliyokuwa ikitoka chumbani kwa Levi, mwanawe, siku alizojifungia na kiberiti na karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara, akivuta ule unga usiosongwa ugali.

Lakini Levi hakuwepo. Mwezi uliopita babake alimpeleka Bungoma, kwenye kituo cha kutibu waraibu.

"Mayi," mtu akaita.

Sauti ilitoka nyuma ya jiko, upande wa migomba. Ilikuwa ya Levi, na neno lenyewe lilikuwa lake, la utotoni, kabla hajaanza kumwita mama kama watoto wengine wa shule.

"Levi? Umetoroka?"

"Usifungue, mayi. Niko na aibu. Nipe tu chakula."

Wilkista alipakua ugali na sukuma, akafungua mlango kiasi cha mkono kupita, akaiweka sahani nje. Mvua ilipokatika alitoka. Sahani ilikuwa imelambwa ikang'aa. Tope lililoizunguka lilikuwa laini, halina unyayo hata mmoja. Akajiambia ni mvua iliyofuta.

Hakumwambia mumewe. Makokha alikuwa na kinu cha kusaga mahindi sokoni, akishinda huko mpaka jioni, na tangu Levi aharibikiwe alikuwa mtu wa maneno machache. Levi alikuwa fundi wa pikipiki mjini Kitale, mikono yake ikisifiwa na kila mteja, mpaka marafiki wakamwonjesha. Baada ya hapo vitu vya nyumbani vilianza kutembea: betri ya sola, baiskeli ya babake, hata mabati ya banda la kuku. Dadake Edinah alihamia kwa shangazi yao huko Ndalu, baada ya kuamka na kumkuta kaka yake amemwinamia kichwani akipekua mkoba. Na Wilkista, kila alipoulizwa kanisani, alijibu kwamba Levi ana malaria. Kuficha alikuwa amekuzoea. Hili la sahani halikumwia vigumu.

Kila mvua iliponyesha, sauti ilikuja. Iliomba chakula, kisha blanketi, kisha koti la Makokha. Alitoa. Akichelewa, ililia, wala si kilio cha mtu mzima bali kile cha Levi mdogo siku alipojimwagia uji wa moto, na Wilkista alijikuta keshafika mlangoni bila kujua ameinuka saa ngapi. Harufu nayo iliacha kuondoka na mvua. Ilikaa kwenye mashuka, kwenye maji ya mtungi, kwenye nywele zake.

Siku moja sauti ikauliza, "Edinah atarudi lini?"

"Unamtakia nini?"

"Niko na hamu naye tu." Halafu ikacheka polepole, kama mtu anayecheka na chakula mdomoni.

Wilkista alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Levi hakuwa na kicheko kama kile. Akachukua simu, akapiga kule kituoni, akaomba kuzungumza na mwanawe. Alisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, kisha mtu akashika simu.

"Mama?" Levi akasema, sauti imejaa usingizi.

"Mayi," ikaita ya nje, wakati huohuo.

Wilkista alisikia mwanawe akipumua kule Bungoma.

"Mama, huyo nani anaita?"

"Sijui. Anaita kama wewe."

"Usimfungulie." Levi alikuwa ananong'ona. "Namjua huyo. Ndiye alikuwa ananiamsha usiku nivute."

Jioni ile alimweleza mumewe yote, kuanzia sahani ya kwanza. Makokha alisikiliza akiangalia viganja vyake. "Mambo ya majini si ni ya Mombasa," alisema mwishowe, lakini hakula, na kabla ya kulala aliisukuma meza ikaegemea mlango. Kulipopambazuka alikwenda kumtafuta Jelimo, mama mmoja wa miteremko ya Mlima Elgon ambaye watu walimwita kuombea nyumba zilizoingiliwa.

Jelimo hakuja na ngoma wala ubani. Aliketi jikoni, akanusa, akauliza, "Umekilisha tangu lini?"

"Nilidhani ni mtoto."

"Ulipoweka sahani ulidhani. Ulipokosa kuona nyayo, ulijua."

Wilkista akainamisha kichwa.

"Sikuja kukugombeza, mama Levi. Hata mimi nilimlisha mwanangu mpaka nikamzika. Kijana wako ni mgonjwa, na dawa za kituo asiache. Lakini hiki kilifuata nyuma ya ugonjwa, kikaonja mkono wako, kikapenda. Mimi naweza kukifukuza leo, na wewe ukiite kesho. Ni wewe utakikataa. Na Levi akuwe hapa, asikie."

Basi wakangoja Levi amalize matibabu. Muda huo wote, wingu likianza tu kukusanyika, Wilkista alikimbilia kwenye kinu cha mumewe na kukaa karibu na mashine, mahali ambapo mtu hawezi kusikia akiitwa.

Levi alirudi amejaa mashavu, macho yametulia. Walimkalisha jikoni kati ya babake na Jelimo. Mvua ilianza kwa matone mazito, moja hapa, moja kule, kisha mabati yakanguruma kwa pamoja, na ndani ya ngurumo ile harufu ya siki ikapanda kutoka sakafuni, kali hata Makokha akakohoa, na Jelimo akaanza kuomba kwa sauti ya chini huku kitu kikijiburuta nje kwenye ukuta, kikikwaruza udongo taratibu, kutoka dirishani hadi pembeni, kutoka pembeni hadi mlangoni, kikasimama.

"Mayi, nimekuja."

Jelimo akaendelea kuomba.

"Mayi, huyo umemkalisha hapo si mimi. Mimi niko huku nje, nalowa. Muangalie vizuri."

Hakutaka kumwangalia, lakini shingo iligeuka yenyewe. Levi alikuwa akitiririka jasho, taya zimekaza, macho yameganda kwenye komeo, na kwa kitambo Wilkista hakumjua. Aliona mgeni aliyevaa shati la mwanawe, na moyo wake wote ukaelekea kule nje kwenye baridi, kwa yule aliyekuwa akimwita kwa jina la zamani.

Levi akasimama. Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Kaa chini," babake akasema.

"Papa, nishikeni." Alizungumza huku miguu ikiendelea kwenda. "Nishikeni. Mimi peke yangu siwezi."

Hapo Wilkista akamjua mwanawe. Makokha alimkumbatia kijana kiunoni, na yeye akaruka akasimama kati yao na mlango, mgongo wake ukizuia komeo. Alihisi ubao ukisukumwa kutoka nje, polepole, kwa kiganja kidogo kama cha mtoto.

"Sina mtoto huko nje," alisema. "Wangu yuko hapa ndani. Sikupi chakula tena, hata ulie."

Kikalia. Kililia kama Levi aliyeungua uji, kikalia kama Edinah, kikalia kama mtoto mchanga anayetafuta ziwa, mpaka matiti ya Wilkista yakamuuma kama ya mzazi, kisha kikalia kwa sauti yake mwenyewe Wilkista, kikimsihi afungue kwa maneno yaleyale aliyowahi kumsihi Levi nayo, na yeye akabaki pale amefumba macho, meno yameuma mdomo mpaka damu, huku mwanawe akitetemeka mikononi mwa babake na Jelimo akiomba bila kupumzika, hadi mvua ikapungua, ikakatika, na mlango ukaacha kusukumwa.

Levi alitapika, kisha akalala mpaka siku ya pili.

Mambo yalitengenea, ingawa si yote. Levi alifanya kazi kinuni na babake, akienda Bungoma kuonana na washauri. Siku tamaa ilipomshika alisema wazi, na mmoja wao aliketi naye. Edinah alikuja Krismasi, akalala na mkoba wake chini ya mto. Hakuna aliyemlaumu.

Mwaka uliofuata mvua ziliporudi, Wilkista alikuwa akipalilia mahindi, jirani yake Wangui akapenya kwenye ua na kumjia. Mwanawe, Gathii, alikuwa amepata kazi ya gereji Bungoma, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba amekonda.

"Mama Levi, nikuulize kitu," Wangui alisema, akichungulia nyuma yake. "Hizi alasiri nasikia Gathii akiniita pale nyuma. Na nikimpigia simu, ati yuko kazini."

Jembe la Wilkista lilisimama. "Umeitika?"

Wangui alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Si ni mtoto wangu?"