Tulivyosubiri Mkojo wa Kalondu

Kwetu upande wa Kalamba, ukitaka kujua kama mwaka ni mbaya, angalia kamba za kuanikia nguo. Nguo za watoto zikiwa nyingi, maji yapo. Mwaka huo kamba zilikuwa tupu.

Mvua ya Novemba ilinyesha siku nne ikaenda zake. Ndengu zilikauka zikiwa bado na maua. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walichimba visima kwenye mchanga huo mpaka mtu akiingia ndani huoni kichwa chake. Kutoka nyumbani kwa Kasiva, mama wa mtoto ninayetaka kumsimulia, mpaka mtoni ni saa moja na nusu kwa miguu. Punda wake alikufa Januari, kwa hiyo mtungi aliubeba mgongoni.

Mimi ni jirani yake. Watu huniita Mama Mutisya. Tena mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nina maboma tisini ya kutembelea, nina mkoba wa vipimo, nina kitabu cha kuandika. Nasema haya mapema ili ujue kwamba nilikuwa na vyote vya kumsaidia yule mtoto, na bado nilimpita.

Kasiva anaishi na mama mkwe wake, ambaye sisi sote tunamwita Susu, yaani nyanya. Mume wake, Musyimi, anaziba pancha za magari mjini Sultan Hamud na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto wao ni Kalondu, msichana wa mwaka mmoja na nusu. Alipewa jina la Susu, kama desturi yetu ilivyo. Ndiyo maana Susu akimtaja mtoto husema "mimi". Mtoto akila, Susu husema, "Leo nimeshiba."

Kabla ya Kalondu kulikuwa na kaka yake, Kitheka. Kitheka hakufika miaka miwili. Alishikwa na homa siku nne, na siku ya tano tukamzika. Watu wa kanisa walisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Kasiva alisema amina. Angesema nini?

Basi Jumanne moja nilipita kwao. Kasiva alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amelegea, macho mekundu.

"Ako na moto tangu juzi," Kasiva aliniambia.

"Ni meno," Susu alisema kutoka jikoni. "Naota meno ya nyuma. Uzeeni nimebaki na matatu, acha niote mengine."

Tulicheka kidogo. Nilimdunga Kalondu kidoleni na kupima malaria. Hakuwa na malaria. Nilimwachia Kasiva dawa ya kushusha homa na kumwambia homa ikizidi aniite. Nikaandika kwenye kitabu: malaria hakuna. Nikaondoka nikifikiri nimefanya kazi.

Sikuuliza chochote kuhusu mkojo. Homa ya mtoto mdogo ina mlango ilioingilia. Ukikosa kuuona mlango mmoja, tafuta mwingine. Mimi niligonga mmoja nikarudi nyumbani kupika.

Alhamisi asubuhi Kasiva alikuja kwangu mwenyewe, mtoto mgongoni. Hakubisha hodi. Alisimama tu uani.

"Mama Mutisya, huyu pia anaenda," alisema.

"Anaenda wapi? Mshushe nimuone."

"Ametapika uji. Hataki kunyonya. Kitheka alianza hivi hivi. Mimi nimechoka. Kama Mungu anamtaka, amchukue haraka, asiteseke."

Aliyasema hayo bila machozi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu anayelia bado anaomba kitu. Kasiva alikuwa ameacha kuomba.

Nilimshusha mtoto. Mwili ulichoma mkono wangu. Midomo ilikuwa mikavu na imepasuka. Nilipofungua nepi yake ya kitambaa nilikuta haina maji mengi, lakini harufu yake ilikuwa kali, si ile ya kawaida. Doa lake lilikuwa la rangi ya chai ya rangi.

"Nepi hii ni ya saa ngapi?"

"Ya jana jioni."

"Na bado ni kavu hivi? Kasiva, Kalondu anakojoa mara ngapi kwa siku?"

Aliangalia chini. "Mara mbili. Na akikojoa analia kama mtu amechomwa. Wiki yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Susu alisema mambo ya mkojo wa mtoto si ya kupeleka kwa watu. Na wewe hukuniuliza."

Hilo nilistahili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hata anayekuja kusaidia ana mdomo wa kuuliza. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Nilipiga simu kwa mtu wa bodaboda, tukapanda tukaenda zahanati.

Muuguzi wa zamu aliitwa Mwanahamisi, mwanamke kutoka Mwingi, hana maneno mengi. Alimpima Kalondu joto, akamtazama masikio na koo, akasikiliza kifua. Akabonyeza tumbo polepole, na chini ya kitovu Kalondu akapiga kelele.

"Koo ni safi, masikio na kifua pia," alisema. "Malaria mmepima. Kwa dalili hizi nashuku njia ya mkojo. Nataka mkojo wake."

Kasiva alichukua nepi na kuanza kuikamua.

"Hapana, dada. Huo wa nepi umechanganyika na uchafu wa ngozi na wa kitambaa. Utatudanganya. Nataka unaotoka sasa, uingie moja kwa moja humu." Akampa kikopo kisafi chenye kifuniko. "Kwanza mnawe mikono. Kisha umsafishe kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Umkalishe mapajani, umpanue miguu, mwenzako ashike kikopo. Asiguse ndani. Matone ya kwanza yaache yaanguke, kisha kinga."

Tulifanya hivyo. Kasiva aliketi kwenye benchi, mtoto mapajani, mimi nimechuchumaa mbele yao na kikopo mkononi. Tulisubiri. Saa nzima ilipita. Kalondu hakuwa na kitu cha kutoa.

Mwanahamisi alirudi. "Huyu mtoto anakunywa maji kiasi gani?"

Kasiva alianza kuikunja leso yake.

"Dada, nakuuliza ili nimtibu. Si kukufunga."

"Kifuniko cha chupa," Kasiva alisema. "Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Na titi. Lakini hata titi limepungua, mimi mwenyewe sinywi."

"Kwa nini?"

Basi Kasiva akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Maji yalipokuwa magumu, Susu alisema mtoto asiyekunywa hachafui nepi, na nepi zisizochafuka hazifuliwi. Mtungi mmoja ungeenda siku tatu. Baadaye mtoto alipoanza kulia akikojoa, waliona ni vizuri zaidi kumnyima, ili asikojoe, ili asiumie. "Tulifikiri mkojo ndio unamuuma," alisema. "Tukaupunguza."

Mwanahamisi hakumkemea. Angemkemea ningemkasirikia, maana mimi nimebeba mtungi kutoka mto ule na najua uzito wake. Alivuta kiti akaketi.

"Sikiliza. Kuna vidudu vidogo, macho hayavioni. Vingi vinaishi kwenye choo kikubwa. Nepi ikikaa siku nzima, au mtoto akipanguswa kutoka nyuma kuja mbele, vidudu vinaingia kwenye njia ya mkojo. Kwa msichana njia hiyo ni fupi, vinapanda haraka mpaka kwenye kibofu. Sasa, mkojo ndio unaofagia njia hiyo. Kila mtoto akikojoa, vidudu vinasukumwa nje. Usipompa maji, hakuna kinachofagia. Mkojo unakaa ndani, unakuwa mkali, na vidudu vinazaana. Vikiachwa vinapanda mpaka kwenye figo. Hapo ndipo homa inakuwa kali na mtoto anatapika. Figo zinaweza kubaki na kovu. Mtoto anaweza kufa."

"Kwa hivyo ni mimi," Kasiva alisema.

"Ni ugonjwa. Hata mtoto wa mwenye bomba hupata. Lakini kiu iliusaidia ugonjwa. Mpe maji sasa, kijiko kwa kijiko, polepole, asitapike."

Kasiva alimpa maji. Kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine. Nusu ya maji ilimwagika kifuani kwa mtoto. Mwanamke aliyetumia kifuniko cha chupa sasa alikuwa anamwomba mtoto yuleyule akojoe. "Kojoa, mwaitu," alimwambia kwa Kikamba chetu. "Kojoa, mama yangu, tafadhali."

Mara ya kwanza alikojoa nilipokuwa nimegeuka kufuta jasho. Mkojo uliingia kwenye leso ya Kasiva. Ulikuwa kidogo tu, na wote ulipotea. Kasiva aliutazama ule unyevu, kisha akainamisha kichwa juu ya kichwa cha mtoto. Hapo ndipo alipolia. Nilichuchumaa tena na kikopo, magoti yakiniuma, nikamwambia aendelee na kijiko.

Jua lilikuwa limepita katikati tulipoupata. Kalondu alijikunja, akapiga yowe ambalo sijalisahau, na mimi nikaacha matone ya kwanza, nikakinga. Yalikuwa maji ya vidole viwili, mazito, yenye ukungu. Mwanahamisi alichovya kijikaratasi cha kupimia, kikabadilika rangi mbele ya macho yetu.

"Ni njia ya mkojo," alisema. "Huu uliobaki naupeleka hospitali kubwa wauoteshe, tujue ni vidudu gani na dawa gani inaviua. Lakini hatungojei majibu ndiyo tuanze."

Alimpa Kalondu dozi ya kwanza kwa sindano na kutuweka pale mpaka saa kumi. Mtoto alikunywa na hakutapika tena. Ndipo akatupa dawa ya maji, chupa moja, na kumwonyesha Kasiva kipimo chake na saa za kumpa.

"Kesho asubuhi mrudi nimuone. Lakini leo akitapika dawa, akikataa kunywa, akilegea asiamke, au akikaa bila kukojoa, msiningoje mimi. Nendeni hospitali kubwa moja kwa moja. Na hii dawa mtaimaliza siku zote nilizoandika, hata akiwa anacheza."

Tulipofika nyumbani, Susu alikuwa amesimama kwenye njia. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nilijinyima maji mwenyewe," alisema, akimaanisha mtoto. Aliingia ndani, na siku hiyo sikusikia mzaha wake mwingine.

Siku mbili za kwanza zilikuwa mbaya, ingawa tulirudi zahanati kama tulivyoambiwa. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Kila nilipofika nilimkuta Kasiva amemtazama mtoto kifuani, akihesabu pumzi. Hakuwa na tumaini, na sitakuambia alikuwa nalo. Alitoa dawa kwa sababu aliambiwa atoe. Siku ya tatu Kalondu alikojoa bila kulia. Siku ya nne alivuta mkia wa paka.

Siku hiyo hiyo nilimkuta Susu akifunga chupa ya dawa ndani ya kitambaa.

"Amepona. Hii iliyobaki tunawekea siku nyingine," alisema. "Mwaka kama huu nani anamwaga dawa?"

"Susu, vidudu vilivyobaki ni vile vigumu. Ukiacha sasa vitarudi, na dawa hii havitaiogopa tena. Hakuna akiba hapa. Akiba ni mtoto."

Aliipima chupa mkononi. Kisha akafungua kitambaa na kumpa Kasiva chupa. Waliimaliza mpaka tone la mwisho. Majibu ya hospitali yalikuja yakasema dawa ilikuwa sahihi. Mwanahamisi alimpima tena, akasema njia ni safi, lakini homa yoyote mpya wamlete siku hiyo hiyo, mkojo upimwe.

Maji hayakuongezeka. Mto ulibaki mchanga. Lakini waliyagawa upya. Mtungi ukifika, maji ya Kalondu yanachemshwa na kutengwa kwanza, kabla ya chai ya mtu yeyote. Nepi inabadilishwa ikiloa. Ya mkojo peke yake inafuliwa kwa maji machache, na maji hayo Susu anamwagia mpapai. Mchana Kalondu hutembea bila nepi, akilowesha vumbi apendavyo. Siku za mtoni Kasiva na mimi tunapokezana, siku moja yeye anabeba mtungi wa kwangu, siku moja mimi wa kwake.

Jumapili moja baada ya kanisa, Kasiva alikuja akaketi karibu nami. Kalondu alikuwa anacheza na viatu vyangu.

"Nataka kukuuliza," alisema. "Kitheka naye alikuwa analia akikojoa. Nao mwaka ule ulikuwa wa njaa. Alikufa na hii?"

Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa huruma ya uongo.

"Sijui, Kasiva. Inaweza kuwa. Inaweza kuwa kitu kingine. Hakupimwa, sasa hakuna mtu anayeweza kujua."

Watu walikuwa wanatoka kanisani wakisalimiana.

"Kitabu chako unacho?"

Nilikuwa nacho mkobani.

"Andika jina lake. Kitheka Musyimi. Na mahali pa ugonjwa usiandike homa, wala usiandike Mungu. Andika hakupimwa."

Kitabu kile ni cha watoto walio hai, na ukurasa wa maboma yetu ulikuwa umejaa. Niliandika pembeni, kwa herufi ndogo, kama alivyoniambia. Alisoma neno kwa neno akifuata kwa kidole, kisha akamchukua mtoto wake akaenda kumtafutia maji ya kunywa.