Mgeni wa Siku ya Tatu

Alhamisi jioni, jua likiwa linakaribia kuzama, Melania alishuka kwenye gari lake na kidumu cha maji mkononi na matusi mdomoni. Mshale wa joto ulikuwa umepanda tena. Ilikuwa mara ya tatu tangu atoke Geita asubuhi, na hapo alipo hata Segese alikuwa hajafika.

Tuseme ukweli, hakuna aliyemlazimisha. Gari lile alilinunua Mwanza kwa Mzungu mmoja aliyezunguka nalo nchi nyingi mpaka wakachoka wote wawili. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, na tangi la maji lenye pampu yake chini ya kitanda. Nyumba nzima juu ya magurudumu manne. Melania ni fundi cherehani. Dhahabu ikionekana mahali papya, wachimbaji huhamia huko kwa siku moja, na nguo zao huchanika huko huko. Akawaza, nitawafuata na cherehani yangu, nitalala ndani ya gari, sitapanga chumba kwa mtu tena. Lilikuwa wazo zuri, ila wazo zuri halina rejeta.

Miezi miwili ilikuwa imemfundisha mengi. Alijifunza kutofungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, na kovu la mkononi ndilo lililomfundisha. Alijifunza kuzima taa za ndani kabla ya kulala, la sivyo betri haiamki. Alijifunza kutembea na jembe, maana tairi likizama kwenye tope, hakuna dua ya kulitoa.

Yote hayo angeyavumilia kama si Jumapili. Tangu mumewe Maganga afariki kwa maradhi, mtoto wao Paskalina, wa miaka tisa, alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Rhoda, kule Nyahanga, Kahama. Mara ya mwisho Melania kwenda kumchukua alifika gari likivutwa na ng'ombe wanne, mtaa mzima ukicheka. Rhoda akasema mbele ya watu, "Wifi, mtoto si cherehani umbebe kwenye mkweche. Njoo Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ukifika kabla ya saa sita mchana, gari linatembea lenyewe, mchukue mwanao. Ukivutwa tena, anabaki kwangu, na tusisumbuane."

Paskalina alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, begi tayari mgongoni. Alilivua polepole. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera Melania kila mshale ulipopanda.

Sasa alisimama kando ya barabara, penye maduara ya zamani, yale mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa, magogo ya midomoni yameoza na nyasi zimeanza kuyafunika. Rejeta ilihitaji muda ipoe. Akaamua alale hapo hapo. Akaingia ndani, akawasha jiko, akabandika maji ya ugali.

Ko. Ko. Ko.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu aliyekaukwa koo.

Melania alikuwa ameupa mlango mgongo, mikono ina unga. Akajibu kama alivyolelewa kujibu tangu angali mtoto.

"Karibu."

Mlango haukufunguka. Lakini gari likabonyea upande wa kushoto, taratibu, kama linavyobonyea mtu mzima anapopanda. Kukaingia harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiowahi kuona jua.

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Nani?"

Pampu ya maji ikaanza kuunguruma chini ya kitanda. Bomba la sinki lilikuwa limefungwa. Ikaunguruma kwa muda mrefu, ikanyamaza.

Mtu aliyezoea gari bovu haogopi haraka. Kwanza hutafuta fyuzi. Melania akazigusa zote moja moja, akaikaripia pampu, akala ugali wake na kulala.

Ijumaa asubuhi tangi lilikuwa tupu, lita arobaini, na chini ya gari hapakuwa na tone la maji. Betri ilikuwa imekufa. Gari lilikuwa limeinama kushoto kwa nyuma, upande wa mlango. Alisimamisha lori la mkaa, wakaunganisha waya betri kwa betri, gari likawaka, akaingia Segese akinung'unika njia nzima.

Fundi magari aliyempata aliitwa Stanslaus, mtu mzima mwenye kofia ya sufu isiyojali joto. Alilala chini ya gari, akagonga huku na huku, akatoka akijipangusa.

"Mama, upande huu umepakia nini?"

"Sijapakia kitu. Cherehani iko upande wa pili."

"Springi ni nzima. Tangi halivuji. Betri haina ubaya, imenyonywa tu." Akasogea mlangoni, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Alipokitoa, uso wake ulikuwa umebadilika. "Jana ulilala wapi?"

Melania akamweleza. Stanslaus akavua kofia.

"Pale duara liliporomoka mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Chini walikuwa wanne. Mimi nilikuwa juu, nimeshika kamba. Tuliwatoa watatu."

"Na wa nne?"

"Tulimsikia siku mbili. Alikuwa anaomba maji."

Melania akakumbuka pampu. Akaamua kutoikumbuka.

"Huyo aliyekuja kwako, alikupungia mkono usimame?" Stanslaus aliuliza.

"Nilikuwa nimeshasimama. Alipiga hodi."

"Ndiyo hapo. Gari watu hulipungia mkono. Hodi hupigwa nyumbani. Yeye ameona nyumba, mama, na wewe ukasema karibu."

"Sasa dawa yake ni nini?"

"Hapana dawa. Ni mgeni tu, na mgeni husindikizwa. Mrudishe alipokukuta. Shuka naye, tembea naye hatua chache, umuage vizuri, kisha geuka uje zako."

Melania alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Arudi nyuma? Siku zenyewe zilikuwa zimebaki mbili, gari lenyewe lilikuwa likienda kwa kubembelezwa, na mtu mzima anamwambia akasindikize upepo.

"Fundi, nimekuletea springi, unanipa mizimu. Chaji betri yangu. Mwanangu ananisubiri Kahama."

Stanslaus hakubishana. Umeme ulikatika Ijumaa nzima, kwa hiyo betri haikujaa hadi Jumamosi saa tisa alasiri. Alipomkabidhi funguo alimpa pia kipande cha boksi alichoandika namba yake ya simu. "Ukikwama, nipigie," alisema, na alikuwa hazungumzii gari.

Hakwenda mbali. Kilometa kumi tu, pancha, tairi la nyuma, kushoto. Akatoa jeki. Jeki ikazama kwenye mchanga. Akaweka jiwe chini yake, akazungusha tena, jiwe nalo likazama, na gari halikuinuka hata unene wa kidole. Alipopata gogo na kulinyanyua gari, akagundua tairi la akiba halina upepo. Tangi nalo, alilolijaza Segese kwa mikono yake, lilikuwa tupu.

Jua likazama. Melania akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalia. Hakulia kwa woga. Alilia kwa hasira, ile ya mtu aliyefanya kila alichofundishwa na bado ameshindwa. Alimwona Paskalina akilivua lile begi tena, na safari hii moja kwa moja.

Nyuma yake, pampu ikaunguruma, ikivuta ndani ya tangi tupu.

Anakunywa. Hata pasipo na maji, anakunywa.

Melania akainuka. Akalivuta jembe kutoka chini ya kiti.

"Sikiliza wewe," alisema akitazama giza la ndani ya gari. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alhamisi, Ijumaa, leo Jumamosi. Umekunywa maji yangu. Umemaliza betri yangu. Umekalia tairi langu. Kama hushuki, basi fanya kazi."

Akalitupa jembe sakafuni. Likatoa mlio, likatulia.

Kisha likaburuzwa...

Polepole. Kuelekea mlangoni. Likampita miguuni. Likashuka ngazi moja, ngazi ya pili.

"Wabeja," ikanong'ona sauti kavu sikioni mwake. Asante, kwa Kisukuma.

Na gari likainuka upande wa kushoto, likakaa sawa.

Alijifungia ndani na kujifunika gubigubi. Usingizini alisikia kitu kikidunda chini yake, tu... tu... tu... Akajiambia ni mtu anatwanga mahali, akaziba masikio kwa mto.

Jumapili alfajiri tairi lilikuwa limejaa upepo, la akiba pia. Tangi lilikuwa limejaa maji baridi mpaka mdomoni. Aliposhika ufunguo, gari likawaka mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu siku ya kuuziwa. Melania akacheka peke yake. Kumbe methali zina kazi! Alipoondoka gari lilitikisika kidogo, akatupa jicho kwenye kioo. Pale lilipokuwa limelala palikuwa na shimo la duara, limechongwa vizuri, udongo umerundikwa pembeni kwa adabu. Akajiambia ni shimo la zamani. Akakanyaga mafuta.

Saa tano kamili aliingia Nyahanga akipiga honi. Watu walitoka kushuhudia ng'ombe, wakakuta hakuna. Rhoda alisimama barazani amekunja mikono, akalitazama gari kuanzia taa mpaka bomba la moshi.

"Haya, wifi," alisema mwishowe. "Umeweza. Neno langu ni neno."

"Mama!" Paskalina alipita mbio chini ya mkono wa shangazi yake, begi mgongoni, akamkumbatia Melania kiunoni, kisha akapanda garini kukijaribu kitanda. Melania alijipangusa macho kwa pembe ya kitenge, na hakuona haya.

"Kula kwanza," Rhoda alisema, sauti imelainika. "Hamwezi kuondoka na njaa kwangu." Akaleta wali na kuku wa kienyeji. Wakakaa barazani, wakaanza kula kama wifi na wifi, bila mashindano. Tonge la tatu Rhoda akaacha kutafuna.

"Nani analima leo Jumapili?"

Tu...

Tu...

Tu...

Melania aligeuza shingo. Chini ya gari, kati ya magurudumu, udongo mwekundu ulikuwa ukirushwa nje, pigo kwa pigo, na hakuna aliyeurusha. Kichuguu kilikuwa tayari kimefika kwenye ringi.

"Mama," Paskalina aliita dirishani, "mbona gari linatikisika?"

Melania akatoa simu, akabonyeza namba iliyo kwenye kipande cha boksi.

"Fundi, mimi mama wa gari lenye kitanda. Nilimpa jembe."

Stanslaus alirudia maneno yake. "Ulimpa jembe... Mama, mgeni anasindikizwa, anaondoka. Aliyepewa jembe si mgeni tena. Haondoki mpaka amalize."

"Amalize nini?"

"Nakuuliza wewe. Kibarua hupimiwa ngwe. Unamwonyesha, anzia hapa, ishia pale. Ulimwonyesha pa kuishia?"

Melania alifumba macho.

"Sikumwonyesha."

"Basi hajui pa kuishia." Fundi akashusha pumzi. "Mrudishe kwenye duara lake. Labda akiliona, atajua. Ila usisimame njiani hata kidogo. Kila utakaposimama atadhani ni shambani. Na mtoto..."

"Najua," Melania alisema, akakata simu.

Alimfungulia mwanawe mlango.

"Paskalina, shuka."

"Lakini shangazi amekubali..."

"Shuka, mama. Haraka. Baki na shangazi, nitakuja kukuchukua."

Mtoto akashuka. Rhoda alifungua mdomo kusema si nilisema, akaona uso wa wifi yake, akakitazama kile kichuguu, akamvuta mtoto kwake na kumkumbatia kwa mikono miwili.

Gari liliwaka mara moja. Lilipojinasua, gurudumu la nyuma liliteleza ukingoni mwa shimo, likapanda. Kwenye kioo Melania alimwona Paskalina amesimama langoni. Safari hii hakulivua begi. Alikuwa ameshika mikanda yake kwa nguvu, kama mtu anayesubiri gari ligeuke.

Akatoka mjini, akashika barabara ya Segese. Gari lilikuwa likiinama kushoto tena, lakini lilikwenda. Mbele, ng'ombe wakavuka barabara, kundi kubwa, bila haraka. Akalazimika kukanyaga breki. Ng'ombe wa kwanza, wa kumi, wa ishirini...

Tu...

Akapiga honi kwa ngumi. Mchungaji akamtukana. Njia ikafunguka, akaondoka, na sauti ikakoma.

Betri ilikuwa nzima, matairi mazima, tangi limejaa. Alichoharibu mgeni, mgeni alikuwa amekirudisha. Lakini ubovu wa rejeta haukuwa wake, hakuugusa. Rejeta ilikuja na gari kutoka kwa Mzungu.

Segese ilikuwa bado mbali. Mshale wa joto ukaanza kupanda.