Nyasi Mbichi Mwezi wa Nane

Mzee Nzau alikuwa na haraka ya nyumba, na haraka yake ilikuwa na sababu.

Alitoka Mwala baada ya mke wake kufariki. Bintiye Ndanu alimwambia, "Baba, usikae peke yako na mbuzi. Kuja tukae." Nzau akaja. Lakini Ndanu na mumewe Mutiso walipanga chumba kimoja tu, upande wa Athi River. Kitanda hapa, jiko pale, na katikati pazia la leso. Sasa niambie, mzee atalala wapi? Tangu lini Mkamba akamsikiliza mkwewe akikoroma nyuma ya leso? Ni aibu kwa wote wawili.

Kwa hivyo Nzau alilala kwa kibanda cha mlinzi wa kiwanda, juu ya gunia. Kila asubuhi alikuja kunywa chai. Alikohoa kwanza mlangoni, ili Mutiso apate nafasi ya kukimbia kazini.

"Umelala vizuri, baba?" Ndanu aliuliza.

"Kama gunia la mahindi lililowekwa juu ya lingine."

Linet, mjukuu wake wa miaka mitano, alicheka mpaka akakohoa. Mtoto huyo alikuwa na kifua kibaya.

"Tafuteni nyumba," Nzau akasema. "Iwe ndogo, si neno. Lakini iwe na mlango wangu."

Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote sita kwa ajili ya nyumba hiyo. Ikinunuliwa vibaya, ng'ombe wameisha na nyumba hakuna. Hakuna ng'ombe wa pili.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa 2002. Siku moja saa tatu asubuhi alikuja dalali aitwaye Bartholomew. Viatu vyake viling'aa kama sufuria mpya. Aliwapeleka Nzau na Ndanu bondeni, kwa nyumba ya rangi ya waridi yenye vyumba vitatu.

"Angalieni rangi hiyo! Imepakwa juzi," alisema. "Hapa, mzee wangu, ni paradiso ndogo."

Nzau hakuangalia rangi. Aliangalia chini. Mwezi wa nane Mwala nzima ni vumbi, na mbuzi hula karatasi. Hapa nyasi zilifika magotini, mbichi kabisa. Aling'oa chache, akazisugua kwa kidole. Moyo wake ukalainika.

"Ndanu, umeona? Maji yako karibu. Mahali pa kijani wakati wa kiangazi ni baraka."

"Mzee anajua mambo!" Bartholomew akapiga makofi. "Na karatasi ni hii, iko na muhuri. Lakini Jumamosi kuna daktari anakuja kuiona nyumba. Mimi nawaonea nyinyi huruma tu."

Nzau hakusoma sana. Lakini muhuri aliuona: mkubwa, wa zambarau. Alijiambia, "Wakubwa hawawezi kuruhusu watu wajenge mahali pabaya."

Hapo ndipo alipokosea, na wengi hukosea hapo hapo. Muhuri hugongwa mezani. Yule anayeugonga amekaa kwa kiti, amekunywa chai ya saa nne, na viatu vyake havijui matope. Mvua ikija, haimpati yeye.

"Tutarudi jioni na jibu," Nzau alisema. Kwa moyo wake jibu lilikuwa ndiyo.

Njiani walikaa kwa Wanza kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Wanza alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliwauzia wafanyakazi wa viwanda chakula.

"Wakya!" Nzau akamsalimia.

"Aa!" Wanza akajibu, akipakua. "Mmetoka kwa ile nyumba ya waridi, sivyo? Mlipelekwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi," Ndanu akasema.

"Wote hupelekwa saa tatu." Wanza akacheka peke yake.

"Mama, kama unacheka, tucheke pamoja," Nzau akasema.

"Mimi nilipanga hapo mwaka wa El Nino. Mto ulipanda, nikakaa juu ya bati siku mbili na kuku wangu. Wewe mzee umetoka wapi?"

"Mwala."

"Na Mwala unaweza kujenga nyumba juu ya mchanga wa mto?"

Nzau aliudhika. "Mimi ni mjinga? Nimejenga mabwawa ya mchanga ya kuzuia maji mtoni miaka ishirini. Mto naujua kama mkono wangu!"

"Basi mbona umekuja mjini ukaacha macho yako Mwala?"

Ndanu aliinama akaficha kicheko. Nzau alitafuna muthokoi muda mrefu. Ilikuwa ngumu kumeza, na kosa halikuwa la mpishi.

"Jioni tutaenda na wewe," alisema mwishowe.

Saa kumi na moja walirudi, pamoja na Linet. Bartholomew alikuwa akiwangoja na kalamu mkononi.

"Ngoja kwanza," Nzau akasema. Alichoma fimbo yake katikati ya zile nyasi. Ilipotoka ilikuwa nyeusi, na harufu yake ilimfanya Linet ashike pua.

"Bomba la maji machafu limepasuka huko juu," Wanza akaeleza. "Mwaka wa tatu sasa. Tumeenda ofisini mpaka tumechoka. Kumbe wewe ulipenda nyasi za choo!"

Nzau akainua macho. Miti ya miiba ilikuwa imesimama kando ya ua. Kwenye matawi kulikuwa na mifuko ya plastiki na majani makavu, juu ya kichwa cha mtu. Kama angekuwa Mwala, angeliona jambo hilo kabla ya kushuka mgongoni mwa punda.

"Mto ulifika pale," alisema polepole.

"Hapana, mzee wangu," Bartholomew akasema. "Hiyo takataka ililetwa na upepo."

"Upepo ukaipanga kila mti kimo kimoja? Basi upepo huo umesoma kuliko sisi."

Ndanu naye aliingia ndani, akakwaruza rangi nyuma ya mlango kwa ufunguo. Chini ya waridi kulikuwa na mstari wa matope. Ulipita kimo cha dirisha.

Wakati huo upepo ukageuka. Moshi wa kijivu ukaja chini chini kutoka karakana moja ng'ambo ya barabara. Linet akaanza kukohoa.

"Jioni ndipo watu wa hiyo karakana huyeyusha betri kuukuu za magari," Wanza akasema. "Ndani ya betri kuna madini ya risasi. Afisa wa afya alituambia sumu yake hukaa kwa vumbi. Mtoto akilamba vidole, inaingia kwa damu. Inaharibu akili yake, na yeye hajui."

"Nani aliwaruhusu?" Ndanu akauliza.

"Na wao wako na muhuri," Wanza akajibu.

Nzau alimbeba mjukuu wake mgongoni. "Bartholomew, mwambie daktari wako aje. Lakini umlete jioni."

Nzau alilala juu ya gunia miezi minne zaidi. Sasa walitafuta kwa macho ya Mwala. Kila nyumba waliiendea asubuhi na jioni, na tena baada ya mvua. Waliwauliza majirani kabla ya kumsikiliza dalali. Ndanu alienda ofisi ya ramani kuona mto unapita wapi. Maji ya kisima waliyapeleka kwa afisa wa afya yapimwe, kwa sababu upande huo visima vingine huharibu meno ya watoto.

Mwishowe walinunua nyumba juu ya mwamba. Ilikuwa na sura mbaya, na nyasi hata moja haikuwepo. Lakini ilikuwa na vyumba viwili, na chumba cha nyuma kilikuwa na mlango wake. Usiku wa kwanza Nzau aliufungua na kuufunga mara nne.

Aliomba ofisini wawekewe kibao cha onyo bondeni. Aliambiwa, "Njoo kesho." Baada ya kesho ya tatu, alinunua rangi nyekundu. Yeye na Wanza walizungushia ile miti mstari, na Ndanu akaandika: MAJI YA EL NINO YALIFIKA HAPA.

Masika ya mwaka uliofuata mto ulipanda tena. Nyumba ya waridi ilimeza maji mpaka dirishani. Hakukuwa na mtu ndani. Kila mnunuzi alikuwa amesoma miti kwanza, kisha akaenda kula muthokoi kwa Wanza. Huko juu mwambani, Linet alilala bila kukohoa.

Siku moja mvua ikiwa imeisha, mtu alibisha kwa mlango wa nyuma. Alikuwa Bartholomew. Viatu vyake vilikuwa na matope.

"Mzee wangu," alisema, akiangalia chini, "nimepata nyumba. Si ya kuuza. Ni ya kukaa mimi mwenyewe, na mke na watoto. Tafadhali, kuja na ile fimbo."

Nzau alichukua kofia.

"Anayeiuza amesema twende saa ngapi?"

"Kesho saa tatu asubuhi."

Nzau akairudisha kofia kwa msumari. "Kaa unywe chai, kijana. Tunaenda leo jioni."