Rimu za Ndugu Mbaruku

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya Kariakoo wapagazi walipoisukuma Pijo nyeupe hadi uani kwa Uwesu, fundi wa kung'arisha vyuma karibu na Mtaa wa Msimbazi. Ilisukumwa kwa sababu petroli haikuwapo. Mwaka ule hakikuwapo kitu, isipokuwa foleni. Mwenye gari alishuka akitabasamu, mzee aliyenona kana kwamba foleni hazikumhusu, amebeba galoni la maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niite ndugu. Ndugu Mbaruku. Si sote ndugu siku hizi?"

Wapo watu ambao neno hilo likiwatoka mdomoni, unatamani kunawa.

Alitaka rimu zake nne za alumini zing'ae mpaka aone meno yake. Uwesu akazipapasa. Zilikuwa na ule utando mgumu unaotiwa kiwandani kuikinga alumini isichakae, na juu ya utando ule utasugua mpaka mkono ukatike, hutapata mng'aro. Lazima kwanza umenywe kwa kostiki, ile kali ya kutengenezea sabuni.

"Nikishaumenya, ndugu, rimu inabaki uchi. Itafifia upesi. Utakuwa mtu wa kurudi hapa kila mara."

"Nitarudi," alisema Mbaruku. "Ila suuza kwa maji haya tu. Mabomba yenu makavu, najua. Nitakuja kesho jioni."

Uwesu hakuuliza zaidi. Mwezi uleule alikuwa amemzika Sabaha, mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka sita. Homa ilimchukua, na zahanati haikuwa na dawa. Alichotaka Uwesu ni kazi tu, ya kumzuia asifikiri.

Akawasha kandili. Akakoroga kostiki, akaipaka rimu ya kwanza kwa brashi ya makumbi.

Shhhhh...

Povu likapanda. Utando ukaanza kuachia, rimu ikawa kijivu, kisha nyeusi tii. Hilo halikumshtua, weusi ule hutoka kwa maji na msasa. Cha kuogopa ni kuchelewa, kwa sababu kostiki ikimaliza utando huanza kuila alumini yenyewe. Akafungua galoni, akamimina.

Halafu akafanya alivyofanya siku zote. Aligusa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye rimu, akaweka kidole kwenye ncha ya ulimi. Ulimi ukiwashwa, kostiki bado ipo, unasuuza tena.

Haukuwashwa.

Ulipata baridi... kisha uchungu... kisha harufu ikampanda puani.

Karafuu maiti.

Alitema. Akatema tena. Akainama kunusa galoni. Hayo hayakuwa maji ya bomba wala ya kisima. Yalikuwa maji aliyooshewa mtu kwa safari ya mwisho.

"Baba..."

Aligeuka. Uani hapakuwa na mtu.

"Baba, baridi."

Hivyo hivyo alivyokuwa akilalamika Sabaha kila asubuhi alipoogeshwa. Na sauti ilitoka kwenye rimu.

Uwesu alikaa chini kwenye matope. Alikumbuka siku ya msiba: chumba, kitanda cha kamba, na chini yake ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti ambalo halifai kuachwa wazi hata kidogo, maana wachawi huyatafuta maji yale kuliko fedha. Dada yake Sitara ndiye aliyemwosha mtoto. Watu walipotoka na jeneza, Sitara ndiye aliyebaki kulifukia.

Hasira zikamjaa. Kama walimfunga mwanawe kwenye chuma hiki, basi chuma hiki kitaliwa chote. Alibeba ndoo ya kostiki, akazimwagia rimu zote nne, nyingi, bila kipimo. Povu likachemka. Moshi ukapanda.

"Baba, moto!"

"Sabaha..."

"Baba, unaniunguza! Baba!"

Alipiga kelele kama mwendawazimu. Alifuta kwa shati, shati likalika. Akafuta kwa viganja vitupu, ngozi ikaanza kumtoka, na mtoto bado analia. Alihitaji maji. Pipa lake lilikuwa kavu. Majirani nao walikuwa wakavu wiki nzima.

Palikuwa na galoni tu.

Akayamwaga yote, mpaka tone la mwisho, kwenye rimu zote nne. Kilio kikakoma. Ndipo alipoelewa kwamba kazi ya Mbaruku ameimaliza kwa mikono yake mwenyewe, na akalia kwa uchungu ambao hakuwa nao hata makaburini.

Kesho yake jioni Mbaruku alikuta rimu zinang'aa, ingawa hakuna mkono uliozisugua. Aliitazama mikono ya fundi iliyofungwa matambara, akasogea karibu, akanong'ona.

"Alilia?"

"Mwachie, mzee. Nakuomba. Ni mtoto."

"Ndugu," Mbaruku alimrekebisha, akaingia garini.

Hakuwasha injini. Petroli yenyewe hakuwa nayo.

Gari likaondoka.

Lilipita polepole, kimya, likakata kona kuelekea Msimbazi. Nyuma yake, ambako macho ya Uwesu hayakuona mtu, vilisikika vishindo vidogo vya miguu mitupu... pata, pata, pata... na pumzi ya mtu anayesukuma mzigo uliomzidi.

Usiku huo alikwenda kwa dada yake. Sitara alimpa chai. Ilikuwa na sukari tele, wakati mji mzima ulikuwa ukinywa chai chungu.

"Dada, ufuo uliufukia?"

Sitara aliangalia kikombe.

"Niliambiwa ni maji tu," alinong'ona. "Yanakwenda ardhini bure."

Uwesu aliondoka, na hakumpa mkono tena maisha yake yote.

Hakumwambia mkewe. Mama Sabaha alikuwa bado anamwita Baba Sabaha, na kila akiitwa hivyo alitamani kukimbia. Lakini alumini ikiwa uchi hufifia, na ikafifia, na Mbaruku akarudi kama alivyosema. Uwesu angeweza kumfukuza. Badala yake alichukua kitambaa na braso, akaanza kusugua taratibu, kwa kuwa kitambaa kilipopita mahali fulani mtoto alicheka.

Siku moja mkewe alimletea chakula, akamkuta anabembeleza.

"Baba Sabaha, unaongea na nani?"

Kabla hajajibu, rimu ikasema, "Mama?"

Mwanamke aliweka bakuli chini, akaketi mavumbini upande wa pili wa gari, akashika ncha ya kanga yake, akaanza kusugua.

Jioni Mbaruku aliwakuta hivyo, akatabasamu. Tangu siku hiyo hakulipa tena. Na gari likikawia, wao ndio waliokwenda nyumbani kwake kumwomba alilete.