Gauni la Vifungo Vitano

Leo chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kina jengo lake, lenye madarasa manne na jiko. Lakini fundi cherehani akipita pale, moyo wake hurudi kwenye chumba chake kidogo cha kushonea. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Miaka ishirini iliyopita, kila asubuhi fundi alimvisha binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na ulemavu wa akili, na alichelewa kujifunza mambo. Kwa kuwa alipenda kuimba, wote walimwita Chiriku. Mama yake alimshonea magauni ya mpira shingoni, yasiyo na kifungo hata kimoja, asije akahangaika.

Kisha fundi akaugua, akalala kitandani siku tatu. Siku zote tatu Chiriku alishinda na nguo ya kulalia. Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuja kuwajulia hali.

"Nikifa, nani atamvisha mwanangu?" fundi alilia.

"Mwenzangu, umempenda mpaka umemfunga mikono," jirani alisema. "Mshonee gauni la vifungo vitano vikubwa, mbele."

"Hawezi!"

"Umewahi kumfundisha?"

Fundi aliona haya.

"Funga vinne wewe. Cha mwisho mwachie yeye, ili kazi aimalize mwenyewe. Akikiweza, mwachie viwili. Usimharakishe. Haba na haba hujaza kibaba."

Kifungo kile kimoja kilichukua wiki tatu. Fundi alificha mikono mgongoni ili asiingilie. Siku kilipoingia, Chiriku alipiga vigelegele mpaka wateja wakauliza kama kuna harusi. Mteja mmoja alikuwa na mtoto wa namna hiyo, amemficha nyumbani. Kesho yake alimleta. Kisha wakaja wazazi wengine wawili na watoto wao. Wazazi wanne, benchi moja, na kelele za kutosha soko zima! Hivyo ndivyo chama kilivyoanza. Fundi akilikumbuka benchi lile, machozi humlenga.

Asubuhi ya leo chama kina mkutano. Fundi, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima, alisukuma mlango wa chumba cha binti yake.

"Tunachelewa, mwanangu!"

"Mama! Bisha hodi kwanza," Chiriku alisema. "Navaa."

Fundi alirudi nyuma. Aliufunga mlango taratibu, akasimama nje.

"Hodi," alisema.

"Subiri!"

Akasubiri, huku anacheka peke yake.